Wanaokimbilia Supu: Maisha ya Sultani Ahmed wa Tatu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa kale, kama ilivyo desturi ya jarida letu kila mwaka wa mkutano. Kaka zangu mliotutangulia, na ninyi wadogo zangu mlioko madarasani sasa, nawaomba mnivumilie, maana mtu niliyemchagua sikumjua hata kwa jina nilipokuwa nikisoma Historia katika shule hii, ingawa somo hilo ndilo lililonipa alama nzuri kuliko yote. Nilikutana naye ukubwani, kwa njia ya picha. Tena katika picha hiyo yeye mwenyewe hayumo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Uholanzi kwa masomo mafupi ya utawala, mjini Den Haag. Jumamosi moja wenzangu walikwenda madukani. Mimi, kwa kuwa posho yangu ilikuwa imekwisha, nikapanda treni hadi Amsterdam kutazama jumba la makumbusho la taifa, Rijksmuseum. Baada ya saa tatu za kuzunguka miguu ilinichoka, nikasimama mbele ya picha moja ya rangi za mafuta zaidi kwa kupumzika kuliko kwa kuitazama. Upana wake ni kama sentimita 120 na kimo chake kama 90. Inaonyesha ua wa pili wa jumba la kifalme la Topkapi, mjini Istanbul, na msafara wa Balozi wa Uholanzi, Cornelis Calkoen, akipelekwa kuonana na Sultani Ahmed wa Tatu wa Dola ya Uthmaniya. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 14 Septemba 1727.

Balozi na watu wake wanakwenda kwa mwendo wa taratibu, wamezungukwa na maofisa wenye majoho marefu na vilemba vikubwa. Kila mtu anajua pake pa kukanyaga. Lakini macho yangu hayakukaa kwa Balozi. Katika ua uleule, mbali kidogo na msafara, kuna kundi la askari wanaokimbia. Hawakimbilii adui. Wanakimbilia vyombo vya chakula vilivyowekwa chini.

Nilicheka peke yangu, hata mlinzi akanitazama. Nilidhani mchoraji alikuwa anafanya mzaha. Nani atafanya sherehe kubwa ya kumpokea mgeni wa heshima, kisha aache askari wake wakimbilie chakula kama sisi tulivyokuwa tukikimbilia bwalo siku ya wali? Nilinunua kadi ya posta yenye picha hiyo, nikarudi nayo chumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za huyo Sultani kila nipatapo nafasi. Niliyoyapata ndiyo haya.

Nianze na mchoraji, maana bila yeye nisingekuwa na la kusema. Jean-Baptiste Vanmour alizaliwa mwaka 1671 huko Valenciennes, mji ambao leo uko Ufaransa. Mwaka 1699 alifika Istanbul pamoja na Balozi wa Ufaransa, Charles de Ferriol, aliyemtaka amchoree watu wa mji ule wa kila daraja na mavazi yao. Kutokana na kazi hiyo kilipigwa chapa kitabu cha picha 100, mjini Paris, mwaka 1714, kikasambaa Ulaya yote. Ferriol aliondoka, Vanmour alibaki. Alikaa Istanbul karibu miaka 38, akafa hapohapo mwaka 1737. Mabalozi waliokuja na kwenda walimwajiri awachoree siku yao ya kupokewa na Sultani, kama leo mtu anavyomwajiri mpiga picha siku ya arusi.

Hapo pana jambo ambalo sisi watu wa masijala tutalielewa upesi. Vanmour alikuwa na mfano wake mmoja wa picha hizo. Ua ni uleule, maofisa ni walewale, askari wanakimbia vilevile; kinachobadilika ni uso wa balozi na mavazi ya watu wake. Aliwafanyia hivyo Wafaransa na Waveneti, kisha akamfanyia Calkoen. Ni sawa na fomu iliyokwisha chapwa, inayongoja jina tu. Wapo watakaosema kwamba kwa sababu hiyo picha haiwezi kuaminiwa. Mimi naona kinyume chake. Sherehe yenyewe ilikuwa fomu. Kila balozi aliingia kwa mlango uleule, akashuka juu ya farasi mahali palepale, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kupita lango la ua wa pili akiwa amepanda farasi isipokuwa Sultani peke yake. Alipitishwa katika ua ambao wageni wengi waliusifu kwa ukimya wake. Alilishwa chakula pamoja na Waziri Mkuu katika ukumbi wa baraza. Alivishwa joho la heshima. Ndipo akaingizwa kwa Sultani huku maofisa wamemshika mikono huku na huku, desturi ambayo inasemekana ilianza baada ya Sultani Murad wa Kwanza kuuawa huko Kosovo mwaka 1389. Mchoraji aliyerudia picha ileile alikuwa akisema kweli kuhusu jumba lile.

Na hao wanaokimbia? Hao ndio Majanisari, askari wa miguu wa Sultani. Zamani walikuwa vijana wa Kikristo waliochukuliwa kwa nguvu vijijini na kulelewa katika Uislamu na katika kazi ya silaha. Kufikia siku za picha hii utaratibu huo ulikuwa karibu umekwisha, na wengi wao walikuwa watu wa mjini wenye familia na biashara ndogondogo, lakini jina na mshahara vilibaki. Mshahara wao ulilipwa kila baada ya miezi mitatu, katika ua huohuo wa pili, ukiwa katika mifuko ya ngozi. Wakuu wa itifaki walipenda sana kumpangia balozi siku ya mshahara, ili apite aone maelfu ya askari wamesimama kimya na fedha imerundikwa mifuko kwa mifuko. (Ndugu zangu watumishi wa umma watakumbuka jinsi siku ya mshahara inavyoweza kumfanya hata mtu mkorofi aonekane mpole.)

Kabla ya kulipwa walipewa chakula, supu na pilau, kutoka majiko makubwa ya jumba yaliyojipanga upande mmoja wa ua, na dohani zake zinaonekana hadi leo. Chakula kwa Majanisari kilikuwa na maana kuliko kushiba. Ofisa wa kikosi cheo chake kilikuwa Mwenye Supu. Mahali pa kuweka manyoya katika kofia waliweka kijiko. Sufuria kubwa ya kikosi ilikuwa na heshima kama ya bendera, na kuipoteza vitani ilikuwa aibu isiyofutika. Kula chakula cha Sultani kulikuwa ni kumwambia kwamba bado sisi ni watu wako. Kwa hiyo siku ya mshahara, ishara ilipotolewa, askari walikimbilia vyombo kwa nguvu zao zote, na wakuu wa jumba wakashusha pumzi. Siku ambayo askari wangebaki wamesimama, wakatazama supu ikipoa, ilikuwa siku ya kufunga malango. Na kama wangeipindua sufuria, au kuibeba na kuipeleka uwanjani, hayo yalikuwa maasi.

Sasa itazameni picha tena kwa jicho hilo. Balozi anadhani msafara ni wake, kumbe jambo la maana zaidi uani mle ni kwamba askari wanakimbia.

Ahmed alizaliwa mwishoni mwa Desemba 1673, mtoto wa Sultani Mehmed wa Nne na Gülnuş Sultan. Hakuzaliwa Istanbul bali katika mji ambao leo unaitwa Dobrich, nchini Bulgaria. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 14, mwaka 1687, askari walioshindwa vitani walimwondoa baba yake katika kiti. Tangu hapo kijana yule aliishi kama walivyoishi wana wa masultani wa wakati huo, yaani ndani ya jumba chini ya ulinzi, maisha ambayo Waturuki wenyewe waliyaita kizimba. Mwana wa mfalme hakupewa jimbo la kutawala wala jeshi la kuongoza, na kila asubuhi hakujua kama mlango utafunguliwa na watu wa kumtawaza au watu wenye kamba. Kaka yake, Mustafa wa Pili, alipotawala kuanzia 1695, kizimba kile kililegezwa kidogo. Ahmed alisoma na kujifunza kuandika hati nzuri, sanaa aliyoipenda hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1703 kikosi cha mafundi wa silaha kiliamriwa kwenda Georgia. Wakadai kwanza walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Kutokana na dai hilo dogo, ambalo mhasibu mwenye busara angelimaliza kwa juma moja, maasi yalienea Istanbul yote. Waasi waliandamana hadi Edirne, alikokuwa akikaa Sultani Mustafa, na jeshi lililotumwa kuwazuia lilikataa kupigana nao. Mustafa alizuliwa. Mwezi Agosti mwaka huo Ahmed, mwenye umri wa miaka 29, alitolewa kizimbani akakalishwa kwenye kiti cha enzi na watu walewale waliomshusha ndugu yake. Na kama ilivyokuwa ada, jambo la kwanza lililomngoja lilikuwa kuwalipa askari bahshishi ya kutawazwa.

Nadhani hakuna asiyeelewa hali ya moyo wa mtu aliyeanza kazi kwa namna hiyo. Miaka iliyofuata aliwaondoa viongozi wa maasi mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kuuawa, wengine kwa kuhamishwa mbali. Mawaziri wakuu pia hawakudumu. Katika miaka 15 ya kwanza alibadilisha zaidi ya kumi. Mambo ya vita nitayapitia haraka. Mfalme Charles wa 12 wa Sweden, aliposhindwa na Warusi mwaka 1709, alikimbilia kwa Ahmed na kukaa miaka mingi akila kwa gharama ya mwenyeji wake. Mwaka 1711, penye Mto Prut, jeshi la Uthmaniya lilimzingira Tsar Peter wa Urusi kabisa, likamwachia kwa mapatano yaliyorudisha ngome ya Azov. Mwaka 1715 walitwaa tena Morea kutoka kwa Waveneti. Halafu Waaustria wakawapiga mwaka 1716, wakatwaa Belgrade mwaka 1717, na mkataba wa Passarowitz wa mwaka 1718 ukathibitisha hasara hiyo.

Mwaka huohuo wa 1718 Ahmed alimpata waziri aliyekaa naye. Huyu ni Ibrahim Pasha wa Nevşehir, mume wa binti yake Fatma Sultan. Kwa miaka 12 watu hawa wawili walitawala pamoja, na ndio miaka ambayo baadaye sana, katika karne ya 20, waandishi waliipa jina la Enzi ya Tulipu, kwa sababu ya ua lile ambalo lilitoka Uturuki kwenda Uholanzi katika karne ya 16 na ambalo sasa wakuu wa Istanbul walilipenda kiasi kwamba serikali ililazimika kutangaza bei za matunguu yake.

Wengi wanapomtaja Ahmed huishia kwenye maua, nami nawalaumu. Mtu huyu alijenga maktaba katikati ya ua wa tatu wa jumba lake mwaka 1719, mahali ambapo mwingine angejenga nyumba ya starehe. Mwaka 1720 aliwafanyia wanawe sherehe ya tohara ya siku 15, na pamoja nao wakatahiriwa maelfu ya watoto wa maskini. Mchoraji wake Levni aliiweka sherehe hiyo katika picha ambazo hazijapata mfano. Mwaka huohuo alimtuma Mehmed Çelebi kwenda Ufaransa, si kwa mkataba tu bali aangalie wenzao wanaishije. Mwaka 1727, mwaka uleule wa msafara wa Calkoen, alitoa ruhusa ya kuanzishwa matbaa ya kupiga chapa vitabu vya Kituruki, isipokuwa vya dini, chini ya Ibrahim Müteferrika. Kitabu cha kwanza, kamusi, kilitoka mwaka 1729. Mwaka 1728 alijenga sabili nje ya lango kuu la jumba ili wapita njia wapate maji, na kati ya maandishi yaliyochongwa juu yake yapo ya mkono wake mwenyewe. Nimeiona picha ya sabili hiyo. Ni nzuri, na bado iko.

Kwa hiyo Calkoen alipovuka ua ule alikuwa anakwenda kwa mfalme aliye katika kilele chake. Alikuwa wapi Sultani wakati msafara ukipita? Hatumwoni. Katika ukumbi wa baraza, juu ya mahali anapokaa Waziri Mkuu, lilikuwapo dirisha lenye kimia ambalo Sultani angeweza kukaa nyuma yake akasikiliza mashauri bila mtu kujua kama yupo au hayupo. Waliofanya kazi chini ya mkuu wa namna hiyo wananielewa. Lakini dirisha lile lilielekea ukumbini, kwa mawaziri. Halikuelekea kwenye supu.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka. Dola ya Waajemi ilipoanguka mwaka 1722, Ahmed na Ibrahim Pasha waliona nafasi, wakatwaa Hamadan, kisha Tabriz. Vita virefu vililetea raia kodi mpya. Katika kiangazi cha 1730 jemadari wa Kiajemi, Nadir, aliirudisha miji ile upande wake. Hema za jeshi la Sultani zilikuwa zimepigwa Üsküdar, ng'ambo ya mlango wa bahari, tayari kwa safari ya kwenda kupigana, lakini juma lilifuata juma na Sultani hakuondoka. Wenye maduka walikuwa wamekwisha kutozwa fedha kwa ajili ya safari isiyoanza.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba 1730 watu wachache walitoka na bendera karibu na msikiti wa Bayezid, wakiwataka wenye maduka wafunge. Kiongozi wao aliitwa Patrona Halil, mwenye asili ya Albania, aliyekuwa baharia kisha akawa mchuuzi wa nguo kuukuu. Wakuu wengi hawakuwapo mjini; walikuwa Üsküdar au katika nyumba zao za pwani. Kufika jioni Majanisari walikuwa wametoa masufuria yao kambini na kuyapeleka kwenye Uwanja wa Nyama. Maana ya sufuria uwanjani mnaijua sasa, na Ahmed aliijua kuliko sisi. Aliinyanyua bendera tukufu ya Mtume langoni akitumaini watu watakuja kumtetea. Wachache mno walikuja.

Waasi walimtaka Ibrahim Pasha. Yule aliyekuwa mkwewe na mshauri wake kwa miaka 12, Ahmed aliamuru anyongwe, maiti yake ikatolewa nje kwa mkokoteni pamoja na za wakuu wengine wawili. Jambo hili nimelifikiria sana na sipati udhuru wa kumpa. Wala halikumsaidia. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba alimwachia kiti mtoto wa ndugu yake, Mahmud wa Kwanza, mwana wa yule Mustafa aliyeondolewa kwa ajili yake mwaka 1703. Alichoomba ni uhai wake na wa wanawe. Alipewa.

Vanmour alikuwapo mjini siku zote hizo. Na yule aliyechora msafara wa Balozi ndiye pia aliyemchora Patrona Halil. Tena alichora kifo chake, maana tarehe 25 Novemba 1730 Patrona Halil na wenzake waliitwa jumbani kwa shauri, wakauawa humohumo. Picha hizo nazo zilinunuliwa na Calkoen, aliyekaa Istanbul hadi 1744 na kukusanya zaidi ya picha 60 za Vanmour, ambazo hatimaye zilifika Rijksmuseum mwaka 1902.

Katika mfululizo huo ipo picha moja inayotuhusu sisi kwa karibu zaidi: ya mkuu wa matowashi weusi wa jumba, Mwafrika, amevaa joho la cheo. Miaka ile cheo hicho alikuwa nacho Beshir Agha, mtu wa asili ya Uhabeshi, aliyekuja mle akiwa mtumwa. Alishika kazi mwaka 1717 chini ya Ahmed, akapita katikati ya maasi ya 1730, akamtumikia Mahmud, na alifariki mwaka 1746 akiwa bado katika cheo chake. Maisha yake yanastahili makala nyingine, na kama Mhariri atakubali nitaiandika.

Ahmed alirudi kizimbani alikotoka. Aliishi humo karibu miaka sita, katika jumba lilelile, hatua chache kutoka maktaba yake, akafariki mwaka 1736 akiwa na umri wa miaka 62. Alizikwa Istanbul, katika kaburi la bibi yake Turhan Sultan, karibu na Msikiti Mpya. Wanawe wawili walitawala baadaye, Mustafa wa Tatu na Abdülhamid wa Kwanza. Jumba la Topkapi ni makumbusho tangu 1924, na mtu yeyote mwenye tiketi huingia kwa lango lile bila kushuka juu ya chochote.

Yabaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niiandike habari hii hapa na si mahali pengine.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa kiranja wa chakula. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa bwalo, kuhesabu meza, na kila usiku kuandika katika daftari la zamu jinsi chakula kilivyoliwa. Wenzangu wa wakati ule wanakumbuka muhula wa maharage yenye wadudu. Siku tatu mfululizo wanafunzi waliingia bwaloni taratibu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesukumana. Masufuria yalirudi jikoni yamejaa, wapishi wakanitazama nami nikawatazama. Siku zote tatu niliandika kwamba chakula kimeliwa na hali ni shwari, kwa sababu niliogopa kuulizwa kwa nini, na kwa sababu mwandiko wa siku zilizotangulia ulikuwa ni huohuo, ilikuwa kunakili tu. Mwalimu wa zamu alitia sahihi. Siku ya nne vioo vilivunjwa. Wanafunzi watatu walirudishwa nyumbani; wawili walirejea na wazazi wao, mmoja hakurejea tena. Hakuwa kiongozi wa lolote, alikutwa tu na jiwe mkononi. Daftari langu lilisomwa mbele ya kikao kuonyesha kwamba wanafunzi hawakuwa na malalamiko yoyote.

Sijapata kuyasema haya kwa mtu wa shule hii. Huyo mwenzetu simtaji, na sijui kama jarida hili humfikia. Likimfikia, ajue kwamba kiranja wa chakula aliona tangu siku ya kwanza, na kwamba anamwomba radhi.

Nimeagiza nakala kubwa ya picha ya Vanmour, nami nitaikabidhi maktaba ya shule siku ya mkutano wetu. Mkutubi ameahidi kuitundika karibu na rafu ya Historia, pale penye dirisha linalotazama bwalo. Wadogo zangu wataitazama wapendavyo. Lakini kama mtu ana dakika moja tu, ampite Balozi aanze na wale wanaokimbia.